Bastola ya Kabati la Varney

Bonde la Pawley, Kentucky
3 Oktoba 1996

Twila mjukuu wangu,

Mimi mzima. Wewe sijui, maana tangu Julai hujaandika, na mtu asiyeandika huwezi kumhesabu mzima wala mgonjwa. Goti la shangazi yako Verna limevimba tena. Nimemwambia ni kwa kukaa barazani kutwa akisema watu, damu haizunguki. Mchungaji mpya anahubiri mbiombio kama mtu aliyeacha chungu motoni. Maharage nimeyatunga kwenye uzi na kuyaanika nyuma ya jiko kama kila mwaka, nayo yamekuwa mengi mno. Nilipanda ya watu wawili. Mkono haujajifunza ujane.

Mwezi huu ukungu unashuka bondeni alfajiri na hauondoki mpaka saa nne. Mlima haupo, ghala la jirani halipo, kuku nawasikia tu kama wanalia ndani ya pamba. Basi nakaa kwenye kiti cha babu yako kando ya jiko, na usingizi unanichukua mchana kweupe. Ndipo anapokuja. Usiniambie nimezeeka, najua miaka yangu. Babu yako Hobert anakuja na koti lake la machimboni, limekauka, halina hata vumbi la makaa, anakaa kwenye benchi la kuni wala hasemi. Mkono wake wa kulia ameukunja nusu, si ngumi, kama mtu aliyeshika kitu, na ndani hamna kitu. Ananionyesha. Halafu gogo linapasuka jikoni, nafumbua macho, hayupo. Benchi nalipapasa, lina joto.

Nimejua kinachokosekana katika mkono ule. Kwenye duka la bunduki la Varney, pale njia panda, kuna kabati la vioo, na ndani yake ipo bastola moja yenye mpini wa mbao ya mjozi. Ni ya kuonyeshea. Watu wanaishika, wanaisifu, wanairudisha. Babu yako alikwenda kuishika kila Jumamosi, miaka kumi na moja, mpaka Machi aliponifia. Hakuinunua. Mimi naitaka ile ile. Varney anasema atanipa mpya ndani ya boksi. Nimemwambia mpya ampe mama yake.

Nakuarifu tu. Siombi ruhusa kwa mtoto niliyemfunga nepi.

Vaa kofia huko.

Bibi yako,
Delphia Stamper


Kodiak, Alaska
30 Oktoba 1996

Bibi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na Shangazi Verna na goti lake. Barua yako ilikaa siku tisa kwenye uwanja wa ndege, kwa sababu hapa nasi tumefunikwa na ukungu na ndege ya barua haikuweza kutua. Kwa hiyo ukungu wako na wangu umeonana kabla yetu. Mimi mzima. Samaki wamekwisha, sasa kiwandani tunafungasha kaa. Nikilala bado naona miguu yao ikipita mbele yangu kwenye mkanda wa mashine, mirefu, myekundu, haina mwisho. Kofia ninayo.

Nimekutumia soksi za sufu, nimezifuma mwenyewe.

Kuhusu ile ya kwa Varney. Unaitakia nini, Bibi? Kama ni mbweha wanakula kuku, Verna akutafutie mbwa. Kama ni wezi, humo ndani hamna cha kuiba ila maharage. Nakuomba usiinunue. Siandiki zaidi ya hapo, na sababu unaijua.

Mjukuu wako,
Twila


Bonde la Pawley
17 Novemba 1996

Twila,

Tuko hai. Verna sasa anatembelea fimbo, na amepata neno la kumpiga nalo kila mtu. Ng'ombe amekauka maziwa. Theluji ya kwanza ilianguka Jumatano ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana, kama mgeni aliyekosea nyumba. Soksi zimefika. Moja ndefu kuliko mwenzake. Mliipima kwa samaki?

Mbwa! Mimi nimekueleza mkono wa babu yako, wewe unanijibu mbwa.

Sikiliza sasa. Jumamosi Verna alinipeleka kwa Varney. Wanaume walikuwa wamelizunguka jiko la duka na vikombe vyao kama kuku baridini. Mzee Clell, yule asiye na meno, akaniuliza, "Bi Delphia, leo umekuja kumpiga nani risasi?"

"Yule atakayeuliza kwanza."

Wakacheka mpaka Clell akamwaga kahawa. Varney akaitoa bastola kabatini, akaifungua na kunionyesha kuwa haina risasi, ndivyo wanavyofanya, akailaza juu ya kitambaa chekundu. Pale juu kuna taa, ikawa inalala kwenye ule mwanga kama kitu kilicho chini ya maji.

"Bi Delphia, hii wilaya nzima imeishika," akasema. "Wameifyatua tupu mpaka springi imelegea. Juzi tu mtu kaishika ana mafuta ya kuku vidoleni. Nikikuuzia hii nitakuwa nimekuibia."

"Mafuta ya kuku yanaoshwa."

"Ninayo mpya, chapa hiyo hiyo."

"Varney, nikitaka mume mpya nitakuambia. Nataka huyu."

Maana nilikwisha kuona. Kwenye mpini, upande wa kushoto, mbao imelika kidogo, kidimbwi cha kuweka kidole gumba. Unakumbuka kidole gumba cha Hobert, machimbo yalikula ncha yake. Vidole vya watu wengine vinapita juu ya kile kidimbwi. Chake kilikuwa kinaingia.

Varney akaona hanishindi, akatoa fomu ya serikali. Akanisomea mwenyewe, maana herufi zile ni za siafu. Jina, nikasema. Kuzaliwa, nikasema. Umewahi kufungwa, nikamwambia nimefungwa na ndoa tu. Kisha akasoma, "Je, wewe ndiye mnunuzi hasa, au unamnunulia mtu mwingine?"

"Namnunulia Hobert."

Niliisikia kahawa ikichemka.

"Bi Delphia," Varney akasema polepole, "Hobert amefariki."

"Nani alimvisha soksi siku ya maziko, mimi au wewe?"

"Basi sema ni yako. Neno moja tu. Unasema ni yangu, unangoja siku tano za sheria, unakuja kuichukua."

"Si yangu. Cherehani ni yangu. Sufuria ni zangu. Kofia iliyo msumarini ni ya Hobert, na hii ni ya Hobert. Nikisema ni yangu nitakuwa nimesema uongo kwa wino."

Akafunika kalamu. "Ukishatamka kuwa ni ya mtu mwingine, mikono yangu imefungwa. Hiyo ndiyo sheria yenyewe. Nikijifanya sikusikia, leseni yangu imekwenda."

"Na mimi nikisema nisichokiamini, kinakwenda nini?"

Clell akasema, "Mwandike Hobert kwenye fomu, aje atie saini!" na hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Varney akairudisha kabatini. Nikatoka na mkoba wangu. Uongo wa mdomo nimesema, nimeisifu mikate ya Verna miaka arobaini. Wa wino sijawahi, na kwa madarasa manne niliyosoma, wino wangu ni mchache, siwezi kuuchafua.

Unasema sababu naijua. Siijui. Iandike.

Delphia Stamper


Kodiak
19 Desemba 1996

Bibi yangu,

Salamu za Krismasi kwako na kwa Verna. Hapa jua linachungulia kama mtu wa haya halafu linaondoka. Nimepata homa nikapona. Mwenye nyumba wangu amenipa mti wa Krismasi wa kimo cha chupa.

Nilisoma barua yako wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya makreti. Nilipofika mahali Varney alipofunika kalamu, nililia kwa furaha, na wenzangu wakadhani nimefiwa. Nilifurahi hukuipata. Sasa nitaiandika sababu, kwa kuwa umeniamuru.

Bastola ya Babu iliyokuwa kwenye droo ndiyo baba yangu aliyoichukua, akaenda nayo ghalani kwenu, asirudi. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Wiki ile ile mama akanichukua tukahamia Ohio, nami sijakanyaga tena Pawley, hata Babu alipokufa. Nilikuambia kazi ilinibana. Kazi haikunibana. Nilikata tiketi, nikafika uwanjani, nikaliona lile ghala katika akili, mlango wake mwekundu umefunguka kidogo, miguu ikakataa.

Miaka kumi na moja hatukulitamka hili. Tulipitishiana habari za mkate wa mahindi kwa barua.

Mara nyingine naota niko bondeni na nyumba yenu inaelea juu ya ukungu kama mashua, wewe uko dirishani unanikemea lakini sauti haifiki. Sasa unaniambia Babu anakuja kukaa na wewe mchana, na unataka bastola. Bibi, mimi nimeshapoteza mtu mmoja kwa kutouliza. Nakuuliza, hata ukikasirika: unataka kumfuata Babu? Nijibu ndiyo au hapana. Usinijibu kwa maharage.

Twila


Kodiak
22 Januari 1997

Bibi,

Sijapata barua. Ndege zilitua mara nne. Nilimpigia Verna simu kutoka kiwandani, akasema, "Yupo, ana hasira, anatazama theluji." Nikamwambia aende alale kwako. Nilipompigia tena akasema ulimfukuza na fimbo yake mwenyewe.

Neno moja tu, Bibi.

Twila


Bonde la Pawley
11 Februari 1997

Hapana.

Hilo ndilo jibu. Sasa tusalimiane. Ni mara ya kwanza maishani naanza barua bila salamu, na mama yangu angekuwa hai angenichapa.

Sisi wazima. Theluji imefika kwenye dirisha la chini na nyumba imekuwa kimya kama iliyo tumboni mwa kitu. Verna umemtisha bure, alikuja na godoro lake na mdomo wake, na kati ya hivyo viwili sikuweza kulala. Kuku wanne wamekufa kwa baridi. Nimewapika.

Barua yako ya Krismasi niliiweka chini ya Biblia wiki tatu. Kwanza nilikuwa na hasira. Kisha nikaona haya, na haya kwa mwanamke kama mimi inachukua muda kuingia, mlango ni mgumu.

Ghala halipo, Twila. Hakuna aliyekuambia, na mimi ndiye niliyepaswa. Babu yako alilibomoa majira ya machipuko yale yale, ubao kwa ubao, peke yake, akakataa msaada. Pale sasa ndipo ninapopanda maharage. Umeukimbia mlango mwekundu miaka yote hii na mlango wenyewe uliungua jikoni kwangu zamani.

Ile ya droo aliitupa mtoni. Bunduki zake za kuwindia akawagawia watu. Nyumba ikabaki haina hata ya kutishia kunguru. Halafu, siku moja Verna akaniambia, "Nimemwona Hobert kwa Varney, ameshika bastola." Jumamosi iliyofuata tena. Na iliyofuata. Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuogopa? Miaka kumi na moja nilisimama dirishani kila Jumamosi nikitazama ile njia, nikijiambia leo ndiyo atarudi nayo chini ya koti. Akirudi nilimtazama mifuko kwanza, uso baadaye. Kisha nikampa kahawa na kumgombeza kwa matope ya buti. Sikumuuliza. Kila Jumamosi nilisema nitamuuliza wiki ijayo, mpaka wiki zikaisha.

Kwa hiyo si kifo nilichokitaka, we mtoto. Nilitaka kujua alikuwa ameshika nini.

Barua yako fupi ya Januari ilipokuja nikasema, msichana ameuliza, na mimi bibi mzima nimeshindwa. Jumamosi nikavaa soksi zako, ndefu na fupi, nikatembea mwenyewe mpaka njia panda. Theluji ilikuwa inaanguka bila upepo, nene, nikawa sioni mbele wala nyuma, kama natembea ndani ya mto wa manyoya. Mara mbili nilidhani nasikia buti pembeni yangu. Sikugeuka. Nilipunguza mwendo tu, maana yeye alikuwa na pumzi fupi.

Varney alikuwa peke yake. Akaniona akakunja uso. "Bi Delphia, fomu ni ile ile."

"Sikuja kununua. Naitaka niishike na kuirudisha, kama watu."

Akaifungua, akanionyesha haina kitu, akanipa. Nzito. Baridi, halafu si baridi tena. Kidole gumba changu kikateleza chenyewe kwenye kile kidimbwi, kikapata nafasi kubwa. Nikamuuliza, "Alikuwa anasema nini akiishika?"

"Hasemi. Anaishika kama mtu anayepima yai. Halafu anailaza juu ya kitambaa, taratibu sana, anaondoa kidole kimoja kimoja. Anashusha pumzi. Anasema asante, anakwenda."

"Na hukumuuliza?"

"Nilimuuliza mara moja. Nikamwambia, Hobert, inunue basi, nitakupunguzia, imeshakuwa yako hii. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, 'Nikiinunua, nitairudisha wapi?'"

Nikavuta kigoda nikakaa. Varney akaenda kupanga maboksi yaliyokuwa yamepangwa tayari. Ni mtu mwema, ana masikio makubwa tu.

Umeelewa, Twila? Mimi ilinichukua kahawa nzima. Kuna mtu katika nyumba yetu aliishika asiiweke chini. Babu yako akaenda kuiweka chini badala yake. Jumamosi kwa Jumamosi. Nami nyumbani nahesabu mifuko.

Nikasimama nikairudisha juu ya kitambaa. Niliondoa kidole kimoja kimoja. Si rahisi kama inavyosikika.

Varney alikuwa akinitazama. Akatoa bisibisi. Mpini ule, kumbe, ni mbao mbili tu, moja huku moja huku, zimeshikwa kwa skrubu moja. Akaifungua, mbao zikatoka mkononi mwake kama nusu mbili za njugu. Akanisukumia.

"Hizi hazina fomu," akasema. "Mbao ni mbao. Mpe yeyote, aliye hai na asiye hai."

Akaifunga bastola mpini wa plastiki mweusi, akairudisha kabatini. Imekaa pale kama bibi mwenye meno ya bandia. Clell atalalamika.

Katika bahasha hii mna ubao mmoja, umefungwa kwenye soksi yako ndefu, nitabaki na fupi. Ni upande wa kidole gumba. Upande wa kiganja ni wangu, mimi ndiye niliyeolewa na kile kiganja. Usiupake mafuta, usiusugue. Ushike. Ukichoka uuweke chini, kwa sababu kuuweka chini ndiyo kazi yake.

Jana mchana babu yako alikuja. Theluji ilikuwa inawaka jua dirishani mpaka chumba chote kikawa cheupe. Akakaa kwenye benchi la kuni, mkono ameulaza juu ya goti, umefunguka, vidole vimelegea kama vya mtoto aliyelala. Nikamwambia, haya, na leo unataka nini? Akaangalia sufuria.

Nisamehe kwa kuchelewa. Sitaliandika neno hilo mara mbili, basi lisome vizuri.

Bibi yako,
Delphia


Kodiak
6 Machi 1997

Bibi,

Mimi mzima. Ukungu umeondoka.

Ubao umefika. Nilikuwa nimevaa glavu za kazi, nikazivua. Kidole gumba changu ni chembamba, kimeogelea humo. Nimeushika mpaka ukapata joto, nikauweka dirishani. Nikaushika tena, nikauweka. Mara ya tatu niliondoa kidole kimoja kimoja.

Ndege yangu inatua Lexington tarehe kumi na mbili Aprili. Mwambie Verna aje kunichukua, aache fimbo nyumbani. Nitapita pale palipokuwa na mlango mwekundu kwa miguu yangu, mchana, nawe uwe nami.

Panda maharage ya watu wawili.

Twila